Dirisha la Wageni

Mwana wa ndugu yangu, aliyefika Guangzhou msimu uliopita kwa masomo, aliniuliza siku moja kwa nini wazee wa hapa hulichukulia kwa uzito mkubwa jambo la kujiandikisha polisi, ilhali yeye alilimaliza akiwa amejilaza kitandani, kwa kupiga picha pasipoti yake na mkataba wa chumba chake, kabla maji ya chai hayajachemka. "Ami," akasema, "mimi askari sijamwona hata mmoja." Alisema hayo kwa fahari, nami nikatambua ya kuwa kijana huyu, ambaye amekwisha kuzijua njia zote za treni za chini ya ardhi katika mji huu, hana habari kwamba palikuwapo dirisha, na nyuma ya dirisha palikuwapo mtu, na kwamba kwa miaka mingi hapakuwa na mgeni wa mtaa wa Xiaobei, awe ametoka Unguja, Mombasa au Lubumbashi, aliyelala usingizi wa raha pasipo kwanza kusimama mbele ya mtu huyo.

Amri yenyewe si ya jana. Nimezitazama tarehe: sheria ya kusimamia kuingia na kutoka kwa wageni ilipitishwa tarehe 22 Novemba 1985, ikaanza kutumika tarehe 1 Februari 1986, na kanuni zilizoifuata zikaagiza kwamba mgeni alalaye katika nyumba ya raia aandikishwe katika muda wa saa 24 akiwa mjini, na saa 72 akiwa shamba. Hayo ni ya vitabuni. Sisi wanafunzi tuliofika Beijing katika miaka hiyo hatukuzisikia saa hizo, maana ofisi ya wanafunzi wa kigeni katika Chuo cha Lugha, kule wilaya ya Haidian, ilizikusanya pasipoti zetu, na baada ya siku kadhaa ikaturudishia pamoja na vijitabu vya ukaazi vyenye picha zetu zilizobandikwa kwa gundi, na muhuri wa duara uliokaa nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Aliyetujua sisi hakuwa askari, bali mzee wa mlangoni pa bweni, aliyemwandikisha kila Mchina aliyekuja kututazama: jina, mahali anapofanya kazi, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Tulipotaka kusafiri nje ya miji iliyofunguliwa kwa wageni tuliomba kibali cha safari, na hilo nalo chuo kilituombea. Mtu mwenye mwenyeji wa namna hiyo hana haja ya kuijua sheria.

Nilirudi nyumbani, nikakaa, na niliporejea China mwishoni mwa miaka ya 1990 sikuwa mwanafunzi tena bali mnunuzi wa bidhaa za maduka ya Darajani, niliyevuka mpaka wa Luohu kutoka Hong Kong na kupanda treni hadi Guangzhou nikiwa sina chuo wala ofisi ya kunisemea. Maadamu nililala hotelini, karani wa hotelini aliinakili pasipoti yangu na kuipeleka habari yangu panapohusika. Lakini hoteli za karibu na kiwanja cha Liuhua, ambako yalifanyika maonyesho makubwa ya biashara ya kila Aprili na kila Oktoba, zilipandisha bei misimu hiyo hata faida yote ya mzigo ikaliwa na kitanda. Kwa hiyo tulipanga vyumba katika kijiji cha Dengfeng, nyuma ya barabara ya Xiaobei, ambacho mji ulikizunguka pande zote na kukiacha na vichochoro vyake, na nyumba zake zilizosongamana hata majirani wa pande mbili waweza kupeana mikono madirishani. Hapo ndipo nilipokijua kituo cha polisi cha mtaa, ambacho kila mgeni wa China hukiita paichusuo hata akiwa hajui neno jingine la Kichina.

Naikumbuka harufu yake kuliko sura yake. Guangzhou ina majira mwishoni mwa baridi, kabla ya joto kuingia, ambapo hewa yenye unyevu hupanda kutoka baharini kusini na kuzikuta kuta zingali na baridi, na kuta hutoka jasho kama mtungi mpya, sakafu zikateleza, viatu vikaota ukungu kabatini. Katika majira hayo karatasi zote za kituoni zililegea na kunuka, na juu ya harufu hiyo ya karatasi ilikaa harufu ya wino mwekundu wa mihuri, ule uwekwao katika kikopo cha mviringo, ambao wa asili hutengenezwa kwa zingefuri na mafuta ya mbarika; na juu yake tena moshi wa sigara, na chai. Mtu aliyeingia humo kwa hofu, na kwa hakika tuliingia kwa hofu, aliinusa harufu hiyo kabla hajaona chochote, na mpaka leo nikifunguliwa kikopo cha wino huo katika duka la vifaa vya ofisi mkono wangu huenda wenyewe mfukoni kuitafuta pasipoti.

Askari wa dirishani alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani mizito, na mbele yake chupa ya kioo iliyowahi kutiwa kahawa ambayo sasa ilijaa majani ya chai, aliyoiongeza maji ya moto tangu asubuhi hadi jioni pasipo kubadilisha majani. Hakujua Kiingereza ila maneno machache, na Kiswahili hakukijua kabisa, lakini alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa karani mwingine yeyote, katika nchi yake wala katika nchi yangu. Alilivuta daftari lake kubwa, akalinakili jina kutoka katika pasipoti herufi kwa herufi, na majina yetu ni marefu, mtu na babaye na babuye. Kisha kando yake akaliandika kwa maandishi ya Kichina jinsi alivyolisikia, baada ya kukutaka ulitamke mara mbili na tatu, naye akilirudia kwa sauti ya chini mpaka aridhike. Baadaye ndipo aliponiuliza nauza nini, meli ya mzigo inaondoka lini, watoto ni wangapi, nimekula au sijala. Maswali hayo hayakuwamo katika fomu. Mwisho alijaza karatasi nyembamba, akaugonga muhuri, akaipuliza, akanipa. Na karatasi hiyo, dhaifu namna ile, ndiyo iliyotakiwa kila mahali, kwani pasipo hiyo ofisi kuu ya viza haikumsikiliza mtu aliyetaka kuongezewa muda.

Tatizo halikuwa askari, bali kumfikisha mwenye nyumba mbele yake. Ilihitajiwa pasipoti, na mkataba wa kupanga, na nakala ya hati ya nyumba, na kitambulisho cha mwenyewe, na wenye nyumba wengi walikataa katakata kwenda, kwa kuwa pango lililoandikwa polisi laweza kuonekana na watoza kodi. Mwenye nyumba wangu alikuwa mama mmoja Mkanton, aliyeuza zipu na vifungo katika duka jembamba chini ya ngazi. Sisi wapangaji tulimwita Ayi, kama wenyewe wanavyomwita mwanamke wa rika la mama. Ayi naye aliichukia kodi, na aliisema kwa kelele njia nzima, lakini alikwenda, kila tulipobadilisha viza alikwenda, amevaa kandambili zake, na hati ya nyumba ameifunga katika mfuko wa nailoni usiingie unyevu. Alikaa nami kwenye benchi akichambua njugu, na yule askari akimwona hucheka, kwa maana walijuana tangu zamani. Kumbe mimi mgeni nilikuwa nimeingia katika kujuana kwao.

Na benchini hapo hatukuwa wageni peke yetu. Walikuwapo vijana kutoka Hunan na Sichuan, mafundi wa cherehani na wabebaji wa mizigo, waliokuja kuomba vibali vya kukaa kwa muda katika mji wa nchi yao wenyewe, nao walikuwa na hofu kubwa kuliko yetu, kwa sababu aliyekamatwa njiani pasipo kibali aliweza kufungiwa na kurudishwa kwao, mpaka desturi hiyo ilipofutwa mwaka 2003. Aghalabu walitugawia sigara. Sijapata kuketi karibu na Wachina namna ile tena, bega kwa bega, kila mmoja na makaratasi yake mapajani.

Nitataja kisa kimoja tu. Kijana wa Mombasa, aliyepanga jengo la tatu kutoka letu na ambaye hatukuwa tunafahamiana, aliugua homa kali usiku, akachukuliwa hospitali akiwa hajitambui, na waganga wakawa wanatafuta ugonjwa ambao wao hawauoni mara kwa mara. Hapakuwa na mtu wa kumjibia. Yule askari alipopewa habari alilifungua daftari lake, akatafuta katika mtaa mzima watu waliotoka pwani ile ile, akakumbuka kwamba mimi na kijana huyo tuliyataja majina kwa lafudhi moja. Akampelekea Ayi habari, na Ayi akanigongea mlango kabla ya alfajiri. Nilipofika nikauliza alifika lini, nikaambiwa wiki iliyopita, nikasema basi pimeni malaria. Wakapima, wakaiona, wakamtibu kwa dawa zitokanazo na artemisinini, ambayo ni wanazuoni wa nchi hiyo hiyo walioivumbua katika miaka ya 1970. Alipona, alhamdulillahi, na leo ana maduka. Daftari liliwekwa ili serikali ituangalie, hilo nalijua na sikulisahau siku moja. Lakini usiku ule liliokoa roho, kwa sababu aliyeliandika alikuwa akisikiliza alichokiandika.

Mambo yaliyofuata yalikwenda mbio. Kijitabu cha ukaazi kiliondolewa, kikaja kibandiko ndani ya pasipoti. Kompyuta ikaingia dirishani, daftari likapelekwa nisikokujua, na askari wetu akastaafu, nasi tukasikia habari hiyo baada ya kukuta sura nyingine kitini pake. Watu waliongezeka: mwaka 2014 mkuu wa mji alisema hadharani kwamba Waafrika waliomo mjini ni kama 16,000. Sheria mpya, iliyoanza tarehe 1 Julai 2013, iliyashika makali yake: saa 24 baada ya kuingia katika nyumba, na asiyejiandikisha huweza kutozwa hadi yuan 2,000, na aliyepitisha muda wa viza yuan 500 kwa kila siku, mpaka 10,000. Adhabu ilipokuwa kubwa ndipo walipozuka madalali. Mtu hulipa, dalali akamletea karatasi yenye muhuri na anwani ya chumba ambacho hajapata kukiona, na katika chumba hicho kimoja huandikwa watu wa nchi tano wasiojuana. Jambo hili linaniudhi kupita kiasi, na linaniudhi zaidi kwa sababu walioanza kulitumia ni ndugu zetu, watu wenye uwezo wa kwenda wenyewe, ambao huona taabu kupoteza asubuhi moja kituoni lakini hawaoni taabu kukaa mwaka mzima katika nchi ya watu kwa jina lililo mahali wasipokuwapo. Siku polisi wakigonga, na waligonga, huanza kukimbia juu ya paa, na mwenye karatasi halali hukimbizwa pamoja nao.

Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa mji huu walipotolewa vyumbani mwao, msomaji anaujua. Nitasema hili tu: walikuwamo miongoni mwa waliolala nje watu ambao maandiko yao yalikuwa sahihi, walioandikishwa kwa tarehe na kwa saa, na mashine ilijua vyumba vyao mpaka namba ya mlango, lakini wenye nyumba waliowatoa hawakuwahi kuketi nao kwenye benchi moja, na waliozisoma anwani zao hawakuwahi kuyatamka majina yao. Ayi wakati huo alikuwa mzee wa kutembea kwa mkongojo. Alisimama mlangoni pa jengo lake akawaambia waliokuja kwamba wapangaji wake anawafahamu, yeye ndiye aliyewapeleka polisi mmoja mmoja. Hatukutoka.

Mwaka jana nilihamia ghorofa ya chini kwa ajili ya magoti, jengo lile lile, na hilo nalo sheria hulihesabu kuwa ni kuhama. Nilikwenda kwa miguu. Nyuma ya dirisha alikuwapo binti mdogo, mwenye Kiingereza kizuri na Kifaransa cha kutosha, ambaye aliniambia kwa adabu kwamba ningeweza kulimaliza kwa simu nikiwa nyumbani. Nikamjibu kwamba nalijua hilo, na kwamba nimekuja ili anione. Alinitazama kidogo, akaichukua pasipoti yangu, na alipolifikia jina akaniomba nilitamke.

Nikalitamka, mimi na baba yangu na babu yangu, naye akaanza kuandika.