Kushoto ya Nani?

Mimi ni mtoto wa Bwegera. Kwetu ni bonde la Ruzizi: mpunga, mihogo, ng'ombe na vumbi la barabara ya kwenda Uvira. Ziwa Tanganyika nililijua kwa sahani tu, maana ndagala walitufikia wakiwa wamekwisha kukauka. Kwa hiyo mjomba wangu, mvuvi wa Kalundu, aliponiita wakati wa likizo nikamsaidie kununua moteri ya mtumbwi wake, hakuniita kwa ujuzi wa maji. Aliniita kwa sababu kitabu cha moteri kimeandikwa kwa Kifaransa, na mimi nasoma lugha.

Dukani tulikuta mbili: moja ya nguvu za farasi 15, nyingine ya 40. Nikamshauri achukue ile kubwa. Akaniuliza, "Na hawa farasi makumi ine, wanakunywa nini?" Nilicheka, lakini swali lilikuwa la kweli. Esansi ndiyo inayokula faida ya mvuvi, na moteri za aina ile huchanganyiwa oili ndani yake, lita 1 kwa lita 50.

Mjomba alikuja na kamba aliyopimia urefu wa tezi la mtumbwi. Alieleza kwamba mguu wa moteri ukiwa mfupi, mapanga yake yanashika hewa kwenye mawimbi, inanguruma bila kusukuma. Ukiwa mrefu mno, unaburuta maji na kugonga mchanga ufukweni. Kisha akaomba ile ya 15 itiwe kwenye pipa la maji, iwashwe, ipunguzwe mpaka mwisho. Hakutaka kusikia inavyonguruma. Alitaka kujua kama inaendelea kuishi ikiwa ndogo, kwa sababu usiku, kati ya nyavu na taa za watu, mtumbwi hutembea polepole. Aliangalia pia uzi wa maji unaotoka ubavuni, maji yanayopoza chuma. "Inakojoa muzuri," akasema, akalipa.

Kazi yangu ikaanza hapo. Nilimwandikia binamu yangu, ambaye ndiye angeshika moteri, maelezo ya ukurasa mzima kwa Kiswahili sanifu. Mambo mawili niliyapigia mstari. La kwanza: kamba nyekundu ifungwe mkononi mwa dereva, akianguka ing'oke na moteri izimike. La pili: mkono wa moteri ukisukumwa kushoto, mtumbwi unaenda kulia, ukisukumwa kulia, unaenda kushoto. Aliyakariri yote. Nilijisifu moyoni.

Usiku wa tatu, usio na mwezi, mimi nilikaa mbele na tochi. Ghafla nikaona maboya ya wavu wa mtu mwingine, karibu sana, upande wa kulia. Nikageuka nyuma nikapiga kelele: "Kushoto!"

Binamu akatii. Akasukuma mkono wa moteri kushoto, na mtumbwi ukaingia moja kwa moja juu ya wavu. Mapanga yakaukamata, mtumbwi ukatikisika. Yeye, aliyekuwa amesimama nusu ili aone mbele, akaanguka majini.

Kelele ya moteri ikakatika papo hapo. Kamba nyekundu ilikuwa imeng'oka. Tulimvuta ndani akitapika maji, mikono na miguu yake mizima. Hakuna aliyesema kitu mpaka mjomba alipomaliza kukata nyuzi kwenye mapanga. Ndipo akaniuliza, bila hasira: "Mwana ya dada yangu, kushoto ya nani?"

Sikuwa na jibu. Kulikuwa na kushoto kwa mtumbwi, kushoto kwa mkono wa moteri, na kushoto kwangu mimi niliyekuwa nimegeuka kumwangalia binamu. Mimi nilimaanisha ya kwanza, yeye akashika ya pili. Sentensi yangu kwenye karatasi haikuwa na kosa hata moja la sarufi wala la tafsiri. Lakini niliitafsiri kwa ajili ya msomaji aliyekaa mezani, mwenye muda wa kugeuza neno kichwani. Dereva wa usiku hana muda huo.

Asubuhi mjomba alimtafuta mwenye wavu akamlipa. Mavuno ya siku kadhaa yalikwenda hapo. Jioni akatupa maneno mapya mawili: "Mulima" na "Buja". Uvira iko chini ya milima, magharibi. Ng'ambo, mashariki, zinaonekana taa za Bujumbura. Ukiwa mbele au nyuma, umegeuka au hukugeuka, mlima ni uleule. Anayeona hatari ataje mahali pa kwenda. Namna ya kusukuma mkono ni shauri la aliyeushika.

Tulikwenda majini tena usiku huohuo. Mara mbili niliita "Buja!", na mara zote mbili pua ya mtumbwi ilielekea kwenye taa kabla sijafunga mdomo.

Karatasi yangu sikuichana. Nilifuta mstari wa pili, nikauacha ule wa kamba nyekundu.