Gari la Kazi la Fundi wa Bomba

Gari la fundi halinunuliwi kwa ajili ya safari. Safari ni gharama tu, na kila kilometa hupunguza kitu mfukoni. Linalotakiwa ni kwamba fundi afikapo penye kazi awe amekuja na karakana yake yote iliyo ya lazima, tena vyombo viwe vizima, na mkono wake uvifikie bila ya kutafuta. Mtu akiliona gari la fundi wa bomba limesimama mbele ya duka la vyuma mjini Nakuru au Thika, aweza kulisifu kwa rangi yake na kwa ung'avu wa magurudumu yake. Lakini mkulima aliyemwita fundi huyo hulipima gari lile kwa njia nyingine kabisa. Yeye hutaka kujua kama maji yatatoka leo.

Na afikiriwe mkulima wa ng'ombe wa maziwa, ambaye shamba lake liko kilometa 30 kutoka mjini, mwisho wa njia ya udongo. Bomba liletalo maji katika hodhi la kunyweshea ng'ombe limepasuka penye kiungio. Ng'ombe mmoja anayekamwa aweza kunywa lita 60 kwa siku, na kupita hapo jua likiwa kali. Wakiwa ng'ombe wanane, hizo ni lita 480, yaani madebe 24 ya lita 20, ambayo hapana budi mtu ayachukue kutoka mtoni mpaka hodhini. Fundi apigiwa simu, afika saa nne ya asubuhi, afunga maji, akata kipande kilichooza, kisha apekua ndani ya gari lake na kugundua ya kuwa kiungio kimoja cha robo tatu ya inchi hakimo. Vya nusu inchi anavyo ishirini. Vya inchi moja anavyo sita. Kile anachokitaka, hana hata kimoja.

Kitu chenyewe ni kidogo hata chaweza kufichwa katika kiganja cha mkono. Lakini kukifuata ni kilometa 60 kwenda na kurudi, na saa mbili au tatu za mchana, na wakati huo wote maji yamefungwa, si ya ng'ombe tu bali na ya jikoni. Mvua za masika zikianza alasiri kabla hajarudi, udongo mweusi utamzuia njiani mpaka kesho yake. Bei ya kazi ilikwisha kupatanwa asubuhi. Faida yote imemwagika katika tangi la petroli. Na mkulima, ambaye hajui lolote juu ya viungio, anajua jambo moja waziwazi, kwamba amemwita fundi naye amekuja mikono mitupu.

Ndiyo sababu fundi hodari huhesabu vitu vidogo kabla ya vikubwa. Hakuna asahauye spana kubwa ya bomba, wala jiliwa, wala msumeno wa chuma, kwa kuwa vitu hivyo huonekana, na tena hurudi nyumbani jioni kama vilivyotoka. Visahauliwavyo ni vile viishavyo: viungio, elbo, washa za mpira, utepe mweupe wa kuzibia meno, katani, gundi ya plastiki, majembe ya msumeno. Vyombo na vifaa viishavyo ni mataifa mawili mbalimbali, na kuviweka pamoja katika sanduku moja ni kutafuta taabu. Kila aina ya kifaa yafaa iwe na mkebe wake, na juu ya kifuniko iandikwe kwa rangi idadi ambayo ikifikiwa lazima kununua. Mkebe wa viungio vya robo tatu ukiandikwa 4, basi siku vinapobaki vinne vingine hununuliwa, wala haingojwi siku ambayo havipo kabisa.

Katika kazi hii jicho pekee halifai kuaminiwa. Bomba la chuma liitwalo la nusu inchi, mwanafunzi akilipima kwa nje, ataliona lina milimeta 21 na zaidi kidogo, naye atadhani amedanganywa dukani. Sivyo. Jina lake limetokana na tundu la ndani. Lakini bomba la plastiki ngumu ya kuunganishwa kwa moto, lile ambalo limeenea sana katika nyumba mpya, hupimwa kwa nje. Hivyo lililo jamaa ya nusu inchi huitwa la milimeta 20, na jamaa ya robo tatu huitwa la milimeta 25. Tena kuna habari ya meno. Chuma cha nusu inchi na cha robo tatu hukatwa meno 14 katika kila inchi, na cha inchi moja hukatwa meno 11. Mkebe uliochanganywa chuma na plastiki, nusu na robo tatu, humpotezea fundi wakati mwingi kuliko pancha, kwa sababu pancha hujulikana mara moja, bali kiungio kisichokuwa chake hukubali kuingia mizunguko miwili ndipo kikwame.

Sanduku la kuwekea mikebe hiyo si jambo gumu kulipata. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji mjini Nairobi wamezoea kazi ya bati, na yeyote aliye na kipimo kamili aweza kuagiza sanduku lenye droo pande mbili na kufuli moja. Kipimo ndicho wengi hukosea kukileta. Sanduku refu kupita kiasi humlazimisha fundi kupanda juu ya gari kila atakapo msumari; sanduku la kufunguka kwa juu tu huzikwa chini ya mizigo, na kuanzia hapo haliwi sanduku tena, huwa kaburi. Lililo bora hufungukia ubavuni na nyuma, mtu akiwa amesimama chini. Vizito vikae chini, karibu na ekseli; vyepesi vikae juu. Tupa na patasi zivishwe magunia, maana barabara yenye vipembe huzisuguanisha mpaka zikawa butu hata kabla ya kufika kazini, na meno ya msumeno hali kadhalika. Jiliwa lifungwe kwa bolti kwenye bamba la chuma nyuma ya gari, bomba lipate kukatwa hapohapo, lisilazwe juu ya jiwe na kushikwa kwa mguu.

Gundi ya plastiki na petroli ya pampu hazifai kuwekwa mbele pamoja na dereva. Mvuke wake huwaka upesi na huumiza kichwa, na gari lililofungwa vioo juani huwa kama tanuri. Mtungi wa gesi nao usimame wima, nje, umefungwa.

Mahali pa kila kitu pakishakubaliwa, pasibadilishwe ovyo. Fundi akiwa amelala chali chini ya karo, mkono mmoja umeziba maji, hutaja jina tu, na kijana wake huenda garini na kurudi na kitu kile. Kijana aliyekaa miezi sita na gari la namna hiyo amekwisha kujua nusu ya kazi, kwa sababu amejifunza majina na vipimo kwa miguu yake mwenyewe.

Katika miaka ya 1950 mafundi wengi wa nchi hii hawakuwa na gari. Baiskeli ndiyo ilikuwa karakana yao, na mfuko wa vyombo ulifungwa nyuma kwa ukanda wa mpira. Fundi wa baiskeli alikuwa mtu wa kufikiri, maana kila kilo aliyoiongeza aliilipa kwa mapaja yake katika mlima wa kwanza. Aliyepata gari amesahau hisabu hiyo, kwa kuwa injini haitoi jasho. Lakini springi hukumbuka, na breki hukumbuka zaidi.

Pikapu nyingi za mafundi zimeundwa kubeba tani moja hivi, na tani hiyo huhesabu watu pamoja na mizigo. Mifuko 10 ya saruji, kila mmoja kilo 50, ni nusu tani. Mabomba 20 ya chuma ya inchi moja, yenye urefu wa meta 6, ni kilo 300 karibu, kwa kuwa moja huwa na uzito wa kilo 15 hivi. Sanduku la vyombo likiwa kilo 150, jumla imefika 950, na dereva bado hajapanda. Hata hivyo ni kawaida kuona gari la namna hiyo likipanda mlima na vijana watatu wamekaa juu ya saruji. Wazee wa kazi hupenda kuisifu Peugeot 504, nao wana haki. Magari ya aina hiyo yalishinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Lakini hayakushinda yakiwa yamebeba saruji.

Mabomba yanastahili maneno yake peke yake, kwa sababu hayo huua. Bomba la meta 6 katika gari lenye kitanda cha meta 2 halina mahali pa kukaa ila juu ya kichwa cha gari, katika kareri imara, nalo lifungwe mbele, katikati na nyuma. Kuna wanaoliegemeza tu juu ya mlango wa nyuma na kulikalisha mtu juu yake kama kizito cha mizani. Gari likifunga breki kwa ghafula, bomba halijui ya kuwa gari limesimama. Huendelea na safari yake kwa mwendo uleule, na aliye mbele yake ni dereva. Nyuma nako, ncha iliyojitokeza ifungwe kitambaa chekundu mchana na taa usiku, maana mwendesha pikipiki ajaye nyuma haoni ncha ya bomba. Huona duara dogo tu lisilo na urefu. Na kumpakia kijana juu ya mabomba ni ukatili, hata kama kijana mwenyewe amekubali kwa kicheko.

Ama utunzaji wa gari lenyewe, sehemu kubwa yake haihitaji gereji. Inahitaji dakika kumi za asubuhi kabla injini haijapata moto: oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, taa zote, upepo wa magurudumu. Upepo hupimwa gurudumu likiwa baridi, kwani likiisha kukimbia hupata moto na kipimo hudanganya. Gurudumu lenyewe nalo husimulia habari zake kwa anayelitazama: likilika pande zote mbili limekosa upepo, likilika katikati limezidishwa. Chujio la hewa katika nchi ya vumbi jekundu halingojei muda ulioandikwa kitabuni. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani huoshwa kwa maji vuguvugu yenye magadi kidogo, hukaushwa, kisha hupakwa grisi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo na kupoteza nguvu yake wakati wa moto, yaani hasa pale gari lenye mzigo linaposhuka mteremko mrefu. Kwa hiyo yafaa yabadilishwe, yasiongezwe tu. Kwa fundi wa Mombasa au Malindi, adui mkubwa ni chumvi, naye hana budi kuosha tumbo la gari kwa maji matamu mara kwa mara, kwa kuwa kutu huanzia mahali pasipoonekana.

Sheria hutaka magari ya biashara yakaguliwe kila mwaka. Wako wanaoazima magurudumu ya kuendea ukaguzi na kuyarudisha jioni. Hao hawamdanganyi mkaguzi peke yake.

Jeki na gurudumu la akiba visifunikwe na saruji. Jambo hili laonekana dogo mpaka siku ya pancha njiani usiku, ambapo mifuko kumi yapaswa kushushwa penye matope kabla ya kazi kuanza. Jembe, kamba nene na vipande viwili vya ubao vikae pamoja navyo, hasa kuanzia mwezi wa Machi hadi Mei. Ng'ombe wa mkulima huweza kulivuta gari lililozama, lakini hawana kamba yao wenyewe.

Mwisho kuna daftari, ambalo makarani watalipenda na mafundi wengi hawalipendi. Si lazima liwe kubwa. Kila siku huandikwa kilometa, petroli, na kilichonunuliwa. Tuseme magurudumu manne yamegharimu shilingi 60,000 na yamekwenda kilometa 40,000. Basi kila kilometa imekula shilingi moja na senti 50. Ile safari ya kilometa 60 ya kukifuata kiungio kimoja imekula shilingi 90 za magurudumu peke yake, kabla ya petroli kuhesabiwa, na kabla ya saa tatu za fundi na kijana wake. Fundi asiye na daftari huona fedha zimekwisha, naye humlaumu mwenye duka. Mwenye daftari hujua pia mwezi ambao matengenezo yalianza kupita mapato, jambo ambalo mwenye kulipenda gari lake haliamini mpaka aone tarakimu. Siku hiyo huliuza lingali linatembea. Kabla ya mnunuzi kufika hufungua zile bolti nne za sanduku la bati, akalishusha kwa msaada wa kijana wake, akalipandisha katika gari jingine, mikebe yote ikiwa palepale ilipokuwa.