"Ana Afya": Neno Lililotushinda Katika Kikokotoo

Miongoni mwa mazoezi ya awali ambayo mwanagenzi wa tarakilishi hupewa ni kuunda kikokotoo cha afya katika lahajedwali. Safu ya kwanza hutiwa uzani kwa kilo, ya pili kimo kwa mita, na ya tatu fomula: uzani ugawanywe kwa kimo kilichozidishwa kwa kimo. Hesabu hiyo aliianzisha Adolphe Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830, naye alikusudia kuuchunguza umma, si kumtibu mgonjwa. Jina linalotumiwa na wataalamu hivi leo lilitokana na Ancel Keys na wenzake mwaka 1972.

Nilipowaongoza vijana wa Marafa, huku kwetu Magarini, katika zoezi hilo, hesabu haikutusumbua. Iliyotusumbua ni safu ya nne, ambamo hutiwa amri ya sharti, ile ambayo sisi wanasarufi tungeifananisha na kiambishi -ki-: jawabu likiwa chini ya 18.5, andika neno hili, likiwa 18.5 au zaidi lakini halijafika 25, lile. Likifika 25, jingine. Neno gani? Kijana mmoja akapendekeza "ana afya" kwa kundi la katikati. Darasa likaangua kicheko, na kwa haki, kwani kwetu "ana afya" husemwa kwa adabu juu ya mtu aliyenenepa. "Amekonda" nalo si kipimo; ni uvumi wa maradhi au wa njaa.

Tuliingiza vipimo vya shangazi yangu, kwa idhini yake: kilo 68, mita 1.60. Jawabu likawa 26.6. Ndugu yake mkubwa alifariki kwa maradhi ya kisukari, kwa hivyo mimi sikuona mzaha ndani yake.

"Mwanangu," akaniambia, "mwaka ule wa ukame, 2022, nilikonda, watu wakanipa pole. Leo wanisifu nina afya, nawe na mashine yako mwasema nimezidi?"

Hoja yake haikuwa nyepesi. Fomula haitofautishi mafuta na misuli, wala haijui nani alilala njaa. Lakini kisukari nacho hakisikilizi sifa za majirani. Tukaafikiana kuusema uzani badala ya kumsema mtu: "uzani pungufu", "uzani wa kadiri", "uzani umezidi kimo". Shangazi akalisoma jawabu lake polepole, kisha akauliza kama basi kosa ni ufupi wake.