Ukuta wa Goma ndani ya kompyuta

Wengi mliniuliza ule ukuta kwenye katuni yetu picha yake niliitoa wapi. Jamani, sikuitoa popote. Niliutengeneza kwa hesabu.

Kwetu Goma watu wanajengea mawe meusi ya lava ya Nyiragongo. Tulipokimbia hatukubeba hata picha moja ya nyumba. Nilipokuwa najitolea kambini Nakivale sikuliwaza sana hilo. Sasa hapa Nsambya nafundisha vijana kompyuta, tukaamua kufanya katuni ya hadithi za nyumbani, nikakwama. Ukuta bila picha utaufanyaje?

Kumbe njia ipo. Mmarekani Ken Perlin alifanya kazi kwenye filamu ya Tron ya 1982, akachoshwa na picha za kompyuta zilizokuwa laini mno. Akabuni hesabu inayotoa namba za kubahatisha, lakini namba zilizo jirani hazirukiani ghafla, zinapanda na kushuka polepole kama vilima. Mwaka 1997 alipewa tuzo ya ufundi ya Oscar. Hesabu hiyo inaitwa noizi.

Noizi ya tabaka moja inafanana na mawingu tu. Siri ni kurudia. Juu yake unaweka tabaka la pili, vilima vyake nusu kwa upana na nusu kwa kimo. La tatu, nusu tena. La kwanza linatoa umbo la jiwe, ya katikati yanatoa mabonde, ya mwisho yanatoa ile mikwaruzo inayochuna kiganja. Hiyo ndiyo fraktali: kidogo kinamfuata kikubwa. Blender ni programu ya bure na inafanya yote hayo, ila ukizidisha matabaka kompyuta zetu nzee zinalia feni tu.

Nilipomaliza nikamwonyesha mama kwenye simu. Akaangalia kimya, halafu akasema, "Mawe ni ya Goma kweli. Lakini huu si ukuta wetu. Papa yako aliziba simenti pale kando ya mlango, uliposukuma jiwe likatoka. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau kabisa.

Noizi inajua mawe, sisi haitujui. Ile simenti niliichora kwa mkono, mama ananielekeza: panda kidogo, hapo, hapo.

Basi Jumamosi mkija darasani, kwanza muulizeni mzee wa nyumbani: ukuta wetu ulikuwaje? Matabaka nitawafundisha mimi.