Mji Ulimao Barafu

Mkulima tumjuaye sisi hulima mahindi, au mpunga, au mihogo. Hutazama mawingu akitaraji mvua, na jua likizidi huingiwa na hofu. Katika milima ya Colorado, magharibi ya Marekani, wako wakulima wa namna nyingine kabisa. Wao hulima barafu. Kazi yao kubwa hufanywa usiku, jembe lao ni bilula ya maji, na mavuno yao hayaliwi wala hayapelekwi sokoni: huparamiwa.

Mji wao huitwa Ouray. Umekaa futi 7,792 juu ya usawa wa bahari, katika bonde jembamba lililobanwa na milima mirefu, kama punje iliyo ndani ya kinu. Watu wake hawatimii elfu moja. Hesabu ya mwaka 1920 na ile ya miaka ya migodi ilikuwa kubwa kuliko ya leo, maana ile ya mwaka 2020 ilikuta watu 898 tu. Jina la mji ni la mtu, yaani Ouray, mkuu wa kabila la Ute, aliyefariki mwaka 1880. Mwaka uliofuata watu wake walihamishwa kwa nguvu wakapelekwa Utah, na wachimba madini wakabaki na nchi. Jina lake hawakulihamisha.

Madini yenyewe yalikuwa fedha, kisha dhahabu. Bei ya fedha ilipoanguka mwaka 1893 mji ulipata taabu. Mwaka 1896 Thomas Walsh akagundua dhahabu katika mgodi wa Camp Bird, neema ikarudi. Lakini utajiri wa mgodi una mwisho, na migodi ilipofifia wenyeji wakategemea wageni wa kiangazi, wajao kutazama milima na kuoga katika maji ya moto yatokayo ardhini. Kipupwe kilipoingia na theluji ikafunika njia, wageni walitoweka, na nyumba nyingi za wageni zilifunga milango mpaka majira yabadilike.

Basi lililoufungua mji wakati wa baridi ni bomba lililovuja.

Kusini ya mji, mwendo wa dakika chache kwa miguu, liko korongo la mto Uncompahgre, lenye kuta za mwamba zilizosimama wima. Juu ya ukingo wake hupita bomba kubwa la maji liendalo kwenye mtambo wa umeme wa zamani, uliojengwa katika karne ya 19. Bomba hilo lilikuwa likivuja hapa na pale. Maji yaliteremka ukutani, na kwa baridi kali yakaganda kabla ya kufika chini, yakafanya nguzo na mapazia ya barafu marefu kuliko minazi. Vijana wapendao kupanda milima waliyaona, wakaanza kuja kwa siri, maana ardhi ile ilikuwa na mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wenyeji wawili, Bill Whitt na Gary Wild, walifikiri hivi: ikiwa maji yanayopotea hufanya barafu kama hii, maji yanayoongozwa yatafanya nini? Wakaongeza mipira na vinyunyizio. Mwenye mtambo, Eric Jacobson, angaliweza kuwafukuza. Badala yake alikubali ardhi ile itumike kwa kodi ya dola moja. Ikawa bustani ya barafu. Mwezi Januari 1996 Jeff Lowe, bingwa wa mchezo huo, aliandaa tamasha la kwanza, na tangu hapo karibu kila Januari mji hujaa watu. Mgeni hatozwi kiingilio. Wema umo, bila shaka, na sheria imo pia: katika Colorado, mwenye ardhi aifunguaye bure kwa michezo hulindwa kwa kiasi kikubwa asishtakiwe mtu akiumia. Mji hupata faida yake katika malazi, chakula na malipo ya viongozi wa wapandaji.

Mtu asimamaye juu ya daraja akitazama chini huwaona wapandaji kama siafu juu ya ukuta mweupe wenye rangi ya samawati ndani yake. Kila mmoja ana sululu ndogo mbili mikononi, na chini ya viatu amefunga vyuma vyenye meno, mawili yakitokeza mbele. Hupiga sululu, hupiga teke meno yakaingia, kisha hujiinua kwa miguu. Asiyejua hujivuta kwa mikono, na baada ya dakika chache vidole haviwezi tena kushika. Kamba iliyofungwa juu ya ukingo humzuia asianguke, na kofia ngumu humkinga kichwa, kwa kuwa vipande vya barafu huanguka daima. Huyo aliye chini ndiye wa kuhofiwa kuliko aliye juu.

Wako watakaouliza kwa nini mtu mwenye akili timamu aparamie kitu kitakachoyeyuka. Mimi pia niliuliza. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tusiufikirie mchezo huu kuwa wa mbali sana. Upande wa kusini-magharibi wa Mlima Kenya, baina ya vilele vya Batian na Nelion, palikuwa na ufa wa barafu uitwao Diamond Couloir, uliosifiwa na wapandaji wa dunia nzima. Waliotangulia kuupanda, mwaka 1973, walikuwa Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge. Sehemu yake ya chini imeyeyuka, na aendaye leo mara nyingi hukuta mwamba mtupu. Barafu ile hakuna aliyeilima, wala hakuna awezaye kuirudisha kwa mpira wa maji.

Na Ouray wenyewe hawana amani kamili. Bustani hutumia maji ya ziada ya mji, yale yanayobaki baada ya matangi kujaa. Miaka ya ukame maji hayo hupungua, na hapana mtu wa kuwaambia wenyeji wapunguze ya kunywa ili wageni wapate ukuta wa kuparamia. Ndiyo maana wakatafuta maji mengine, hata kwa wenye mgodi wa fedha wa jirani. Maji hayo hayapotei: majira ya joto yakija, barafu huyeyuka ikaingia mtoni, ikashuka mpaka mashambani. Ama baridi, haina tangi wala mwenye kuikopesha.

Kwa hiyo kuanzia mwisho wa Novemba wakulima wale hukesha. Hupita ukingoni na taa vichwani, wakifungua bilula moja moja, kwa maana maji mengi mno huosha barafu ya jana, na machache huganda ndani ya bomba na kulipasua. Kabla ya yote hutazama kipimo cha joto. Kikionyesha kwamba usiku huo hautagandisha, hufunga kila kitu, wakarudi nyumbani kungoja usiku mwingine.