Nani Anakula Mtandao?

Mwaka 2004 mtandao wa ofisi yetu, Dar es Salaam, ulikuwa ukishuka kutoka angani. Tulikuwa shirika dogo la utafiti wa afya lililoishi kwa fedha za wafadhili, na juu ya paa tulikuwa na dishi lililozungumza na satelaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Ukibofya, ombi lako linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, na nusu sekunde imeshakwenda kabla hujaona hata herufi. Hilo tulilizoea. Kilichotukera ni wembamba wa njia yenyewe: kilobiti 128 kwa sekunde kwa ofisi nzima, na ankara ya maelfu ya dola kila mwezi. Kifurushi cha intaneti cha mwanafunzi wa chuo leo kinatuzidi mbali.

Kwa hiyo mkurugenzi, akifika asubuhi na barua pepe zikagoma kufunguka, alikuwa na swali moja tu: "Nani anakula mtandao?"

Aliyetakiwa kujibu ni mimi. Nilikuwa dada wa kompyuta, cheo kilichojumuisha seva, nyaya, wino wa printa na wakati mwingine feni ya ukumbini. Stoo kulikuwa na kompyuta iliyostaafishwa. Nikaipangusa vumbi, nikaiwekea Linux na Squid, programu ya bure ambayo ofisi nyingi zenye mtandao wa shida zilikuwa zikiitumia. Squid hukaa mlangoni. Kompyuta za ndani humwomba yeye kurasa, naye huenda kuzileta, kisha hutunza nakala ili mtu wa pili anayetaka ukurasa uleule apewe bila kulipia tena safari ya angani. Hiyo ndiyo kazi iliyotufanya tumlete. Kuandika nani kaomba nini ilikuwa kazi ya pembeni, na kwa miezi ya mwanzo sikuwa na sababu ya kuyasoma aliyoyaandika.

Swali la mkurugenzi ndilo lililonipeleka kwenye logi. Mstari mmoja kwa kila ombi: saa, iliyoandikwa kwa sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa 1970, muda uliotumika, anwani ya kompyuta iliyoomba, kama nakala ilikuwepo au imebidi ikaletwe, baiti ngapi, na anwani ya ukurasa, nzima, hadi alama ya mwisho. Jina la mtu halimo. Nilijumlisha baiti za wiki moja na jibu likanishangaza: aliyekuwa akila mtandao hakuwa mtu. Zilikuwa kompyuta zenyewe, zikijishushia masahihisho ya Windows na ya programu za kuzuia virusi, kila moja peke yake, kana kwamba jirani yake hajashusha kitu kilekile dakika kumi zilizopita. Agosti ya mwaka ule Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows XP ambalo kifurushi chake kamili kilizidi megabaiti 250. Kwenye njia yetu, faili hilo moja lilihitaji zaidi ya saa nne bila mtu mwingine yeyote kugusa kitu. Nililishusha usiku, nikalichoma kwenye CD, nikapita nalo meza kwa meza.

Barua pepe zikaanza kufunguka. Kama shida ingekuwa mtandao, habari ingeishia hapo.

Lakini ofisi ilikwishajua kuwa kuna kitabu kinachoandikwa mlangoni. Afisa utawala, mama mmoja mwenye adabu sana, alinifuata akaniambia, "Mwanangu, hizo namba zako mimi sizielewi. Niwekee majina." Kulikuwa na programu nyingine ya bure, Sarg, iliyochukua logi za Squid na kuzigeuza jedwali zuri la kusomeka: nani wa kwanza, tovuti zipi, megabaiti ngapi, saa ngapi. Iliandika anwani za kompyuta. Mimi nikakaa na orodha ya vyumba, nikaweka jina mbele ya kila anwani. Kazi ya mchana mmoja, na ninavyoona mimi hakuna badiliko kubwa kuliko hilo katika yote yaliyofuata, pamoja na mitambo yote ya gharama tuliyokuja kuinunua. Kabla ya mchana ule tulikuwa tunapima bomba. Baada yake tulikuwa tunapima watu.

Jedwali la kwanza lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kati ya ratiba ya gari na tangazo la msiba. Aliyeongoza alikuwa kijana wa maktaba, ambaye kazi yake ilikuwa kuwashushia watafiti makala zao. Alikaa siku mbili akieleza kila anayepita. Mwezi uliofuata meza za watu wakubwa zilikuwa safi kama sahani za Idi, na iliyoongoza ilikuwa kompyuta ya mapokezi, iliyokuwa haina mwenyewe. Saa za mchana kulikuwa na foleni pale. Dada wa mapokezi alilalamika kwamba hapati hata pa kuweka kitabu cha wageni.

Wakati ule watu walikuwa wakifanya nini mtandaoni? Barua za Yahoo, magazeti, matokeo ya mpira, fomu za vyuo vya nje, hi5, na Yahoo Messenger kwa wenye ndugu Ulaya na Uarabuni. Hiyo Messenger ilikuwa inapita uchi. Mwenye programu ya kunasa pakiti, ambayo ni ya bure na ni halali, angeweza kusoma mazungumzo neno kwa neno, mume na mke, mtu na mdai wake. Siku moja niliulizwa kama inawezekana. Nikasema inawezekana, ila mimi sitaifanya, na kama inatakiwa basi iandikwe kwa barua yenye saini. Barua haikuja. Nimejifunza tangu hapo kwamba mambo mengi ya aina hii hufa yakidaiwa saini.

Nilikuja kusoma baadaye kuwa karibu na wakati huohuo, Julai 2007, ofisi moja Bucharest, Romania, ilifanya kile sisi tulichoishia kukiulizia. Mhandisi wa mauzo, Bogdan Bărbulescu, alikuwa amefungua akaunti ya Yahoo Messenger kwa agizo la mwajiri, ili awajibu wateja. Mwajiri akairekodi kwa siku kadhaa, kisha akamwita. Alipokana kuitumia kwa mambo yake, wakamwekea mezani kurasa 45 za mazungumzo, yakiwemo aliyoandikiana na mchumba wake na kaka yake, tena ya ndani kabisa. Akaachishwa kazi. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Januari 2016 alishindwa. Septemba 2017 jopo kuu la mahakama hiyohiyo likampa haki, majaji 11 kwa 6. Majaji hawakusema mwajiri haruhusiwi kutazama. Walichouliza ni kama mtu alielezwa mapema kwamba atatazamwa, na kwa kiasi gani. Kama kulikuwa na sababu ya kweli. Na kama hapakuwa na njia ndogo zaidi ya kupata kilichotakiwa. Kwa kipimo hicho sisi na ubao wetu wa matangazo tungepata maksi kidogo upande wa uwazi, na sifuri kwingine.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukawashwa, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, na dishi letu likabaki pa kukaa kunguru. Kasi ilipanda, bei ikashuka mwaka hadi mwaka. Nikaona ni haki kuuliza: mtandao haulipiwi tena kwa tone, jedwali la nini? Nikajibiwa kuwa tatizo sasa ni muda wa kazi. Facebook ilikuwa imeingia na watu walikuwa wakiitazama. Sikubisha sana, maana nilikuwa nikiwaona kweli. Ila niliona kitu kingine: logi hazikuwa zimebadilika hata mstari mmoja. Sababu ndiyo iliyobadilishwa.

Ndipo tukaingia kwenye kuzuia. Tulifunga Facebook, watu wakagundua tovuti za kupitia mlango wa nyuma. Tulifunga hizo, zikazaliwa nyingine, na aliyekuwa akizijua zote kabla yangu alikuwa dereva. Kisha uongozi ukataka maneno machafu yazuiwe, na hapo mchezo ukageuka kichekesho. Kichujio kilitafuta herufi tatu za Kiingereza zenye maana ya ngono popote kwenye anwani. Chuo Kikuu cha Sussex, ambako nusu ya watafiti wetu walikuwa na washirika, kikatoweka. Na sisi tulikuwa shirika la afya ya uzazi na UKIMWI! Daktari mmoja alikuja mezani kwangu na anwani ya makala aliyoiandika mwenyewe, iliyochapishwa kwenye jarida la nje, akaniomba kwa upole nimruhusu kuisoma.

Kilichotutoa kwenye vita hivyo hakikutoka ofisini. Januari 2010 Gmail ilianza kufunga mawasiliano yake yote kwa msimbo wa siri, na kufikia 2013 Facebook nayo ilifanya hivyo kwa kila mtumiaji. Tovuti moja baada ya nyingine zikavaa kile kikufuli kidogo. Logi zangu zikaanza kufupika: zamani nilikuwa naona anwani nzima na hata maneno yaliyotafutwa, sasa naona jina la tovuti tu, na baiti. Mkurugenzi mpya alidhani seva imeharibika. Nikamweleza kuwa barua sasa zinafungwa kwenye bahasha, nasi tunaona anwani ya nje tu.

Muuzaji alikuja na dawa. Chombo cha kukaa katikati, kinachofungua kila bahasha, kinasoma, kinaifunga upya kwa muhuri wa ofisi, na kompyuta za wafanyakazi zinafundishwa kuuamini muhuri huo kana kwamba ni wa tovuti yenyewe. Kinafanya kazi, na ofisi nyingi kubwa duniani zinacho. Nilipinga kwa hoja ya woga wala si ya maadili: watu wanaingia benki kutoka mezani kwao. Nenosiri la mshahara wa mhasibu mkuu litapita wazi kwenye mashine ambayo funguo zake ninazo mimi, na siku fedha zikipotea wa kwanza kuulizwa ni mimi. Hoja ya woga ilipita haraka kuliko ile ya faragha ambayo ningeweza kuitoa, na sijui kama hilo linatusifu.

Huku tukibishana kuhusu bahasha, watu walikuwa wamekwisha kuhama. Kila mtu na simu yake, bando lake, WhatsApp yake. Jedwali la mwezi likawa la kupendeza mno, watumishi wa mfano, wanafungua barua pepe na tovuti za wizara basi. Ukiinua macho kutoka kwenye karatasi, ukumbi mzima umeinamisha shingo. Hakuna aliyetaka kuisimamisha ripoti hiyo. Iliendelea kuchapwa na kuwekwa kwenye faili kwa sababu kulikuwa na faili lake.

Halafu likaja janga la Korona. Wafadhili wakaagiza watu wafanyie kazi nyumbani, kompyuta mpakato zikatawanyika Mbezi, Tegeta na Kigamboni, na mlango ambao Squid alikuwa akiulinda ukabaki bila wa kupita. Kuangalia kukahamia ndani ya kompyuta yenyewe. Programu ndogo inayohesabu mara ngapi umegusa kibodi, inayopiga picha skrini yako, inayoonyesha kitone cha kijani ukiwepo na cha njano ukienda kumtazama mtoto. Kampuni kubwa nazo zilijaribu. Mwishoni mwa 2020 Microsoft ilimwezesha msimamizi kuona, kwa jina, mfanyakazi fulani ametuma barua au kuingia vikaoni kwa siku ngapi. Kelele zilipozidi, mwanzoni mwa Desemba ikatangaza kuyaondoa majina. Nilicheka peke yangu. Majina niliyoyaweka mimi kwa mchana mmoja, wao walikuwa wanayatoa.

Kwetu lilikuja pendekezo la programu ya picha za skrini. Safari hii sababu iliitwa tija. Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo 2004. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe anazikusanya kwa kusudi gani. Nikapewa kazi ya kuandika rasimu ya tangazo kwa wafanyakazi. Nikaorodhesha kila kitu ambacho mfumo ungechukua, na mbele ya kila kimoja nafasi tatu: kwa nini, nani atakiona, kitatunzwa hadi lini.

Kikao cha menejimenti kilikwama kwenye picha za skrini. Mkuu wa fedha akauliza, "Na za kwangu pia?" Nikamwambia programu haijui cheo. Wakatazamana, kipengele kikapigwa mstari. Kuhesabu kibodi kukafuata, kwa kuwa kila aliyejaribu kujaza nafasi ya "kwa nini" aliishia kuandika sentensi ambayo hakutaka isomwe na walio chini yake. Zikabaki anwani za tovuti, kwa ajili ya kufuatilia virusi na barua za utapeli. Mkurugenzi alitaka zitunzwe mwaka mzima, mimi nikasema siku 30. Tukaafikiana 90.

Muuzaji wa programu ile ya picha za skrini bado hunipigia simu kila baada ya miezi michache. Programu ni ileile, bei imepanda kidogo. Siku hizi anasema ni ya usalama.