Kibanda Mgongoni: Morogoro hadi Lupiro

Pikapu ikibeba mpunga, mzigo hushushwa. Magunia yakifika ghalani springi hupumzika na gari hurudi tupu. Kibanda cha kulala hakishuki safari nzima. Kipo usiku na mchana, kwenye lami na kwenye matope, tena kimesimama juu kuliko magunia, na kila shimo linakiyumbisha. Ndiyo maana fundi springi wa Morogoro, tulipompelekea Hilux ya mjomba, hakuanza na bei. Aliuliza, "Hiki kitu kina kilo ngapi?"

Jibu tulikuwa nalo. Tulikuwa tumelipitisha gari kwenye mizani ya ghala la nafaka, kwanza likiwa tupu na tangi limejaa mafuta, kisha likiwa na kibanda, maji, vifaa, na sisi wawili tumekaa ndani. Tofauti ilikuwa kilo 840. Kwa mujibu wa kibati cha mlangoni, ilibaki nafasi ya kama kilo 100 tu kabla ya kufika mwisho wa uzito ambao kiwanda kimeruhusu.

Mjomba anatengeneza mashine za kukoboa mpunga. Mavuno yakianza Bonde la Kilombero simu yake haitulii: huku rola zimeisha, kule beringi imekufa, kwingine mkanda umekatika na foleni ya wakulima iko nje. Kwa miaka mingi amekuwa akilala kwenye baraza za mashine hizohizo, juu ya magunia matupu, katika bonde lenye mbu wengi. Huko Ifakara Waswisi walifungua maabara mwaka 1957, na kutokana na maabara hiyo ikakua Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Mjomba sasa ni mtu mzima. Nilitaka alale kitandani, madirisha yana wavu, mlango unafungwa. Wamarekani wamebeba vibanda vya namna hii kwenye pikapu zao kwa miongo mingi. Chetu kilitengenezwa kwa mabomba ya chuma na alumini, kina miguu minne ya jeki ili kiweze kusimama chenyewe gari likitoka.

Fundi aliingia chini ya gari na tochi, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alinionyesha jani la tatu la springi ya kushoto. Karibu kabisa na tundu la senta bolti kulikuwa na ufa mwembamba uliojaa kutu, mrefu kama ukucha. Gari tupu lingeweza kutembea nalo mwaka mzima. Gari likiwa na kibanda, jani hilo lingekatikia njiani.

"Mdogo wangu," aliniambia, "watu wanakuja hapa wananiambia niongezee springi mbili, basi. Naziweka, gari linanyanyuka, wanafurahi. Lakini ekseli ni ileile, breki ni zilezile, chasisi ni ileile. Springi zinainua gari. Hazibadilishi kilichoandikwa kwenye kibati."

Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo ambalo madereva wa barabara zetu wanahitaji kulielewa zaidi. Gari lililoinama nyuma kila mtu analiona na kulisema. Gari lililoinuliwa kwa springi nene likabebeshwa kupita kiasi linaonekana zima, na ndilo la hatari zaidi.

Alibadilisha jani lenye ufa, akaongeza jani moja tu la akiba chini, ambalo hugusa pale mzigo unapokandamiza. Bushi zote zikawa mpya. Yubolti za zamani alizitupa, kwa sababu yubolti iliyokwisha kukazwa kwa nguvu imevutika, na ukiifungua kisha ukaifunga tena haishiki sawasawa. Shokapu aliweka ngumu zaidi: springi ikiwa na nguvu hurudi juu kwa kishindo, na shokapu laini haiwezi kuituliza. Mipira ya hewa, ile ya kupachika kati ya ekseli na chasisi, aliikataa kwa gari letu. Inapeleka uzito mwingi kwenye sehemu moja ya chasisi, na zipo pikapu zilizopinda chasisi nyuma ya kebini kwa sababu hiyo.

Kisha akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kumsikia dereva yeyote akikitaja. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali ya breki yenye mkono mdogo wa chuma. Gari likiinama kwa mzigo, mkono unasukumwa, vali inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Ukiinua gari kwa springi mpya bila kuirekebisha, vali inadhani gari ni tupu na inazinyima breki za nyuma nguvu, ilhali mzigo umejaa. Aliirekebisha huku kibanda kikiwa juu.

Kupanga mzigo ilikuwa kazi yetu. Kibanda tulikisukuma mpaka kikagusa ukuta wa mbele wa bodi. Dumu za maji na sanduku la rola tuliviweka sakafuni, mbele, karibu na kebini. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli unainua pua ya gari, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika miti. Tairi tulisoma ubavuni: namba 110, yaani kilo 1,060 kwa kila moja, mradi upepo uwe kamili.

Tulitoka Morogoro alfajiri kuelekea Lupiro. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, malori ya Zambia yalipotupita, upepo wake ulikipiga kibanda ubavuni na gari likasogea kidogo, likatulia. Mjomba alinitazama, hakusema kitu. Mikumi mjini tukakata kushoto, tukashuka Kidatu, tukavuka Ruaha Mkuu na kuingia kwenye miwa. Lami sasa inafika Ifakara. Udzungwa iko kulia, kijani kizito, na vijiji vinafuatana: Sanje, Mkula, Mang'ula, Kisawasawa. Palipo na kijiji pana matuta, na matuta ndiyo yanayopima shokapu. Gari lilipanda, likashuka mara moja, likaendelea. Halikurukaruka.

Baada ya Ifakara tulivuka Mto Kilombero kwenye Daraja la Magufuli, mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018. Kabla yake watu na magari walivushwa kwa kivuko, na mwanzoni mwa 2016 kivuko kilipinduka. Mjomba huvua kofia kila akipita hapo.

Ng'ambo, lami ilipokwisha, mvua za masika zilikuwa zimeacha barabara ina mikunjo kama bati la nyumba. Mtikisiko wa mikunjo hiyo huchemsha mafuta ndani ya shokapu mpaka zishindwe kazi, hivyo tulikwenda taratibu na kusimama kuzigusa. Zilikuwa na joto la kuvumilika. Karibu na Minepa gurudumu la kushoto liliingia kwenye korongo, kibanda kikaegemea upande wa mashamba. "Polepole, mwanangu," mjomba alisema, ameshika mpini wa mlango. Tulitoka kwa gia ya kwanza, bila kukata usukani ghafla.

Lupiro nililala chini ya gari na spana kabla ya kula. Nati mbili za yubolti zilikubali kukazwa tena, kama fundi alivyosema zingekubali baada ya safari ya kwanza. Mjomba alikuwa ameshafungua mashine ya watu, rola za zamani ziko chini, zimelika mpaka karibu na chuma.

Ukitaka kubeba kibanda, banda la mashine, au chochote kisichoshuka garini, nenda kwenye mizani kabla ya kwenda kwa fundi springi, na usome kibati cha mlangoni. Kama uzito umezidi, punguza mzigo au tafuta gari kubwa zaidi. Na akikwambia fundi kwamba springi mbili za ziada zinatosha, muulize kuhusu vali ya breki.